Ngozi ya Kijani Haikai Peke Yake

Mwenzangu, juzi nilirudi kijijini Makote, na kabla sijatua begi nikasikia mtu akigomba upande wa jirani: "Kuku wako wamechakura makopa yangu ya muhogo tena!" Halafu kimya. Nilishtuka, maana nyumba ya bibi haina kuku wala mtu miaka nenda, miaka rudi.

Zamani tulikuwa tukiteremka bondeni kuchota maji, bibi, jirani yake na mimi. Wale wawili waligombana njia nzima: kuku, mpaka, chumvi iliyoazimwa. Kule chini kulikuwa na chemchemi ya maji ya moto, na juu ya mawe yake ilitanda ngozi ya kijani, laini, ikitoa vipovu utadhani chini yake kuna mtu anapumua. Niliiogopa mno, lakini nilishindwa kuiacha.

"Ukiitaka, ichukue na tope lake," bibi alisema. "Ile haikai peke yake."

Mimi na ubishi wangu, nikabandua kijani tu. Nikasuuza tope jeusi lote, nikaitia kwenye chupa ya maji safi dirishani. Siku ya nne ikawa nyeupe, ikanuka. Bibi hakunipiga. Alisema tu, "Umeiua kwa usafi."

Soko huria lilipoingia, baba akapata kazi kwa mnunuzi binafsi wa korosho. Akajenga nyumba mjini, Mkomaindo, sakafu ya saruji, bomba uani. Alitaka mama yake aepukane na yule jirani mgomvi. Bibi alikataa katakata, basi baba akanituma mimi, kwa kuwa alijua bibi hamnyimi mjukuu kitu. Nilimbembeleza siku mbili tu, akafunga mzigo. Jirani hakutoka kumuaga.

Kule Mkomaindo bibi hakukosa chochote. Lakini kila asubuhi, akishakunywa uji, aligeukia ukuta. "Kuku gani? Kwani nyumbani kwako hakuna ungo wa kufunikia makopa?" Ananyamaza, anasikiliza, anacheka, anajibu tena. Lo! Nilikuwa nikipita pale mbiombio. Masika yalipokuwa yanaisha, asubuhi moja alinyamaza kusikiliza, na hakujibu tena. Tulimrudisha Makote kumzika.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa baiolojia alitueleza kuwa ngozi kama ile ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Lakini kuna vitamini wanazopewa na bakteria wenzao wanaoishi chini yao, tena wenzao hao ndio wanaowaondolea sumu inayozaliwa na kazi yao wenyewe. Wenzangu walinakili. Mimi nililia, na sikuweza kumwambia mwalimu kwa nini.

Siku hizi ua wa minyaa uliotenganisha nyumba zile mbili umeng'olewa, na njia ya bondeni imeota nyasi. Yule jirani yupo, macho yamekwisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Wajukuu zake wakaniambia anagomba hivyo kila asubuhi, tangu bibi alipohamishwa, na kila mara ananyamaza kumsubiri.

Kesho yake, uji mkononi, akapaza sauti tena. "Kuku wako!" Akanyamaza. Kimya kile kilikuwa cha bibi, na mimi ndiye niliyemwondoa.

"Kuku gani?" nikasema. "Kwani nyumbani kwako hakuna ungo?"

Alicheka mpaka uji ukamwagika. "Ulikuwa wapi muda wote huu?" akaniuliza, akaniita kwa jina la bibi. Sikumsahihisha.