Mkono wa Baba Ndani ya Darubini

Kilichoninyima usingizi ni kipande cha filamu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukungu ulikuwa umekiingia. Nikikiacha, ungemla baba uso. Nikikiosha, huenda uso huohuo ungeyeyuka mikononi mwangu. Niligeukia ukuta, nikageukia mlango, na kila upande niliolalia ulikuwa na hoja yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza chuo Uganda na kurudi nyumbani, kijiji cha jirani na Mhunze, kusubiri kupangiwa kazi. Baba hakuwapo tena. Miaka mingi alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, akimbebea vyombo mzungu mmoja mpima ardhi, mpaka kifua kilipomrudisha nyumbani na kisimwache.

Yule mzungu alikuwa na kamera yenye macho mawili. Kila alipobonyeza zilitoka picha mbili za kitu kilekile, moja ya jicho la kushoto na moja ya jicho la kulia, zikitofautiana kidogo sana. Picha hizo zilibandikwa sambamba kwenye fremu ya karatasi ngumu, na fremu ikachomekwa kwenye kijisanduku cheusi chenye lenzi mbili. Ukielekeza kijisanduku kwenye mwanga na kuweka macho, picha haikuwa bapa tena. Aliye mbele alisimama mbele, na nyuma yake kulikuwa na nafasi ya mtu kupita. Mzungu alipoondoka alimwachia baba kijisanduku hicho na bati la biskuti lililojaa picha. Sisi tulikiita darubini, ingawa hakikuonyesha cha mbali.

Jumapili baada ya kanisa majirani walikuja kutazama. Shangazi yangu aliwahi kurudi nyuma kumpisha ng'ombe aliyekuwa ndani ya darubini, akamkanyaga mtu aliyekuwa akingoja zamu yake. Lakini picha aliyoipenda mama ilikuwa moja tu. Baba amesimama kwenye kingo za machimbo, kofia imemwinamia, na amenyoosha mkono wenye kikombe cha bati kana kwamba anamkaribisha mtazamaji chai. Ndani ya darubini mkono ule ulitoka. Ulikufikia karibu na pua. Mara nyingine mama alipoitazama vidole vyake vilijikunja, kama vinashika kikombe.

Bati lilikaa masika mazima kwenye chumba cha pamba, chini ya magunia. Tulipolifungua, kipande cha kulia cha picha ile kilikuwa na nyuzi nyeupe zilizotoka kwenye milima na kufika bega la baba. Mama alitazama, akanirudishia darubini.

"Amerudi ukutani," alisema.

Nilielewa. Jicho moja likiona ukungu, mkono haukutoka tena. Alikuwa mtu wa picha ya ukutani tu.

Nilikwenda Shinyanga mjini kwa fundi picha, mzee wa Kihindi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Aliitazama filamu muda mrefu.

"Hii ya kushoto nzima," alisema. "Niachie. Nitaituma Nairobi, watakutolea picha kubwa ya karatasi, utamtundika baba yako ukutani. Hii ya kulia tupa."

"Haioshwi?"

"Inaoshwa. Halafu inaweza kubaki plastiki tupu. Ukungu umekula ile ngozi yenye rangi. Kama wewe una moyo, osha. Mimi sina."

Nami sikuwa nao. Njia nzima ya kurudi, juu ya lori la pamba, nilipima. Baba bapa, lakini wa hakika. Au baba mwenye mkono, labda. Kufika nyumbani nilikuwa nimeamua picha ya karatasi, na kufikia kuingia ndani nilikuwa nimeghairi mara kadhaa.

Nilijipa kazi ya kufanyia mazoezi picha ya ng'ombe wakinywa lamboni. Niliiosha kwa maji ya kisima, nikaianika. Ilipokauka ilikuwa na madoa meupe ya chumvi, kama sufuria yetu ya kuchemshia maji. Nilipaswa kulijua hilo, nimekulia na sufuria hiyo. Nikarudi mjini, nikanunua gereji maji safi ya kuongezea betri. Kisha nikaingiwa na hofu kwamba wamenipa tindikali, nikadumbukiza pamba kwenye kikombe na kukaa kuitazama.

"Unavua samaki?" mama aliuliza.

"Naona kama itaungua, mayu," nilisema, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Huyu amesoma mpaka anaogopa maji," alimwambia bibi, mama yake, aliyekuwa akipepeta mtama uani.

"Mwacheni mume wangu," bibi alijibu. "Nilimkubali hivyohivyo."

Pamba haikuungua. Niliosha picha nyingine ya ng'ombe, safari hii ikatoka safi, nikaibandika kwenye fremu na kumpa mama darubini. Alitazama, akaicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimebadilisha kushoto na kulia. Macho yakipewa picha kinyume, cha nyuma huja mbele: lambo lilikuwa limewapanda ng'ombe mgongoni, na pembe zao zilizama ndani kama mashimo ya panya. Nilizipanga upya. Lakini sasa nilikuwa na jambo jingine la kuogopa.

Jioni hiyo, tukila, nilimweleza mama habari za picha ya karatasi. Nilisema ingetundikwa hapo sebuleni, juu ya kiti cha baba, na watu wote wangeiona.

Mama aliacha kula. Alitazama mlangoni, ambako bibi alikuwa amekaa akila peke yake, kisha akanitazama mimi.

"Na bibi yako atakaa wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyefikiria yote. Bibi alihamia kwetu baada ya msiba. Baba akiwa hai asingeweza. Mama mkwe na mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakukaa chumba kimoja. Baba alipokuja likizo kutoka Geita, alikwenda kumsalimu bibi akiwa nje ya ua, bibi akamwitikia kutoka nyuma ya ukuta. Walipendana hivyo, kwa sauti tu. Na Jumapili za darubini, zamu ikimfikia bibi, alijifunika khanga na kugeuka.

Picha ya karatasi ingemtazama bibi mchana kutwa. Angetoka sebuleni, kisha angetoka nyumbani, bila kulalamika, akisema tu kwamba amekumbuka kwake. Hata ningeificha sandukuni, shangazi wangeidai itundikwe. Ila aliye ndani ya darubini hamwoni mtu mpaka mtu amwekee macho. Humo bibi angeweza kuishi na mkwe wake.

Asubuhi, jua likiwa bado laini, nilimimina maji ya betri kwenye sahani, nikabandua kipande cha kulia na kukizamisha. Nilikaa nacho mpaka magoti yakafa ganzi. Sikukisugua. Nilikiinua na kukizamisha, nikakiinua na kukizamisha, na nyuzi nyeupe zikaanza kuachia moja moja. Pamoja nazo uliondoka mlima. Rangi yake ilitoka kama moshi ndani ya maji, na mama, aliyesimama nyuma yangu, akanishika bega. Kisha ikasimama. Bega la baba lilibaki, na kofia, na uso.

Nilikianika kivulini chini ya chungio. Kilipokauka nilikipanga kwenye fremu bila gundi kwanza, nikahakikisha kushoto na kulia, nikahakikisha tena, nikampa mama darubini.

Alielekeza kwenye mwanga. Vidole vya mkono wake wa kulia vikajikunja.

"Amefika?" bibi aliuliza kutoka uani, akiwa ametupa mgongo.

"Amefika, mayu."

Bibi aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Basi mwambie mwangaluka."

Mama alimsalimu baba kwa niaba ya mama yake, taratibu, kwa Kisukuma, bila kutoa macho kwenye lenzi. Alipomaliza alinirudishia darubini. Nikatoa fremu, nikapaka gundi pande zote mbili, kushoto na kulia, nikaikandamiza kwa kidole mpaka ikashika. Mjini kwa fundi picha sikurudi.