Siku Niliyoning'inia kwenye Mizani ya Ndengu

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kikima, na kwa miaka karibu ishirini nimepima viuno vya watu bila kupima changu. Nguo zangu mwenyewe nilizishona kwa kukisia. Sketi ikinibana nilisema kitambaa kimenywea baada ya kufuliwa. Kwa maelezo yangu, vitambaa vyote vilivyouzwa soko letu vilikuwa vinanywea, na vilinywea zaidi baada ya Krismasi.

Jumapili moja nesi wa kituo cha afya alikuja kanisani baada ya ibada na mizani ya kusimamia na mashine ya kupima presha. Akina mama tulipanga foleni. Aliyepewa kazi ya kuandika kwenye daftari ni mweka hazina wa kikundi chetu, mama mcha Mungu sana ambaye masikio yake yamechoka. Nilipopanda, nesi aliinama, akasoma, akasema polepole kwa heshima, "Tisini na mbili."

"Sitini na mbili?" akauliza mweka hazina.

Nilitikisa kichwa kukubali. Kwa upande wangu tungeiacha hapo hapo.

"Hapana, mama. Tisini na mbili."

"Sabini na mbili?"

"TISINI NA MBILI!"

Huko nyuma mzee mmoja aliyekuwa akisinzia kwenye benchi akaitikia, "Amina."

Aliyenifuata alikuwa wifi yangu, dada ya mume wangu, mwalimu wa chekechea. Boma lake na letu ni moja. Yeye ni mwembamba kama ufito, na mizani ilipomsoma arobaini na saba, hakuna aliyesema amina. Nesi alitukalisha pembeni sote wawili. Mimi aliniambia presha yangu imeanza kupanda, nipungue kidogo kidogo. Wifi, ambaye alikuwa amewahi kuzimia darasani, aliambiwa aache kushinda na chai ya saa nne mpaka jioni, aongeze chakula.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kikima ni vilima vitupu, na katika kile cha kwenda kwetu nilisimama mara tatu kutazama mandhari.

"Fundi," wifi akasema, "hayo mandhari si umeyaona tangu uolewe?"

"Leo yamependeza."

Akaningojea nipumue. Kisha akasema jambo ambalo wakati ule lilionekana la busara. "Wewe umeambiwa upunguze, mimi niongeze. Si unipe tu unachozidisha? Chakula kitoke kwako kije kwangu, na kilo zifuate."

Tukapatana hivyo. Sahani yangu ya pili ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, ingevuka uwanja kila jioni kwenda kwake. Kwa malipo, yeye angenipa mlima wake: kila asubuhi ningemsindikiza hadi shuleni, ambako ni bondeni, halafu nipande kurudi peke yangu. Kwenda ilikuwa raha. Kurudi, siku za kwanza, nilimwita Mungu kwa majina ambayo hayamo katika kitabu cha nyimbo.

Mama mkwe wangu alikuwa akitazama sahani zikivuka uwanja. Siku ya nne akaja.

"Mmeanza biashara ya chakula?"

Tukamweleza. Kuhusu binti yake kunenepa, alifurahi. Kuhusu mimi kukonda, alikataa katakata. "Mke wa mwanangu akikonda, watu watauliza mimi nimemfanya nini. Niwajibu vipi? Niwaambie ni nesi?"

Kuanzia hapo nikawa napata wateja wa ajabu. Mama mkwe aliniletea dukani aproni ya kushona kifungo. Nikaifungua, ndani nikakuta viazi vitamu vinne, bado vya moto, na kifungo kikiwa mahali pake. Kesho yake ilikuwa kofia ya mzee, imejaa mahindi ya kuchemsha. Wiki moja nilitengeneza nguo saba za mama mkwe ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Viazi nilivipeleka kwa wifi. Vingi. Sitasema vyote.

Miezi miwili ikapita hivyo. Tuliporudi kwa nesi, mimi nilikuwa themanini na nane, wifi arobaini na tisa. Nesi akafurahi. Mimi sikufurahi sana, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimejiwekea sitini, uzito niliokuwa nao siku ya harusi, na kwa mwendo ule ningefika huko nikiwa bibi wa vitukuu.

Wiki moja baadaye mama yangu mzazi alipiga simu kutoka Kyuso. Ndengu zilikuwa zimevunwa na kupurwa, alitaka mtu wa kumsaidia kuzipeleka sokoni. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo wifi akanifuata.

Mama alinipokea mlangoni, akanigeuza kama mtu anayenunua mbuzi. "Umeisha. Huko milimani wanakunyima?" Wifi alikuwa hapo hapo, amesimama na zawadi mkononi, na hao wa kunyima ni watu wa kwao. Mama akamtazama na yeye pia. "Na huyu sasa ndiye mnamnyima kabisa." Jioni hiyo na asubuhi iliyofuata tulikula chapati, na hatukula moja moja.

Sokoni tulikuta foleni ya wakulima wapatao kumi na watano. Mnunuzi alikuwa kijana mmoja mgeni, mwenye miwani ya jua na maneno matamu. Alikuwa amesimamisha miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, na katikati yake ilining'inia mizani ya duara yenye mshale, na ndoano kubwa chini. Gunia la mama likapandishwa. Mshale ukasimama kwenye themanini na moja.

"Haiwezekani," mama akasema. "Hili gunia ni la tisini. Nimelijaza kwa mkono wangu, nikalishona, nikaliombea."

"Ndengu za msimu huu ni nyepesi, mama. Jua limekuwa kali, limekausha mpaka ndani."

Watu wakanung'unika. Kila mmoja gunia lake lilikuwa limepungua njiani. Lakini nani atabishana na chuma?

Mimi wala sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naitazama ile mizani. Mtu aliyezoea kupimwa anakuwa kama mlevi, akiona mizani lazima apande. Wifi alinijua. "Fundi, hapana. Hiyo ni ya magunia."

"Kuna tofauti gani?"

Mnunuzi alipenda sana wazo hilo. Nadhani aliona watu watacheka na kusahau magunia yao. Wapakiaji wake wawili wakafunga kamba kama bembea, nikaketi, wakaniinua wakanitundika kwenye ndoano. Kiatu kimoja kikaanguka. Nikaanza kuzunguka polepole, na soko la Kyuso likapita mbele yangu: mbuzi, hoteli, mama yangu, mbuzi, hoteli, mama yangu.

"Sabini na tisa!" mnunuzi akatangaza.

Nilipiga yowe. Nilinyoosha mikono nikiwa juu pale na kumsifu Bwana, nikazunguka mara nyingine mbili kwa furaha. Sikuwa nimeona sabini tangu mtoto wangu wa pili azaliwe.

Wifi naye akataka kupimwa. Akapandishwa, miguu yake myembamba ikining'inia kama ya kuku. Arobaini na nne. Aliposhushwa alikuwa analia. "Nimekula viazi miezi miwili! Nimekula mpaka taya zinauma! Halafu nashuka?"

Mama yangu hakulia wala kushangilia. Alikuwa anatazama gunia lake, kisha mimi, kisha gunia.

"Huko kwa nesi wenu," akasema, "ulikuwa kilo ngapi?"

Nikajifanya natafuta kiatu.

"Nakuuliza wewe."

"Ilikuwa zaidi kidogo, mwaitu, mama yangu."

"Kidogo ngapi?"

Mnunuzi akaingilia kati kwa sauti laini. "Mama, muache binti yako afurahie. Amepungua. Mizani ni chuma, haina sababu ya kumdanganya. Hata usoni inaonekana."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikagusa shavu kuona kama kweli inaonekana.

Wifi alikuwa ameacha kulia. Mwalimu ni mwalimu. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Akanivuta kando. "Fundi. Siku kumi zilizopita ulikuwa themanini na nane. Mimi arobaini na tisa. Wewe umepoteza kilo tisa, mimi tano, na sasa hivi nina chapati tatu tumboni. Ama sisi ni wagonjwa, ama mizani ni mgonjwa."

"Basi waambie."

"Mimi nikisema arobaini na tisa, nani atajali? Waambie wewe. Wewe ndiye gunia."

Nilisimama pale na kiatu mkononi. Nataka nieleweke. Kwa muda wa kama dakika tano nilikuwa mwanamke wa kilo sabini na tisa, na nilikuwa nimeanza kumzoea huyo mwanamke. Nilikuwa tayari nimempangia gauni. Na katika ile foleni walikuwemo wanawake wawili niliosoma nao shule ya msingi, mmoja wao bado na kiuno chake kilekile cha darasa la nane. Nikaitazama foleni. Nikamtazama mama, ameshika mdomo wa gunia lake kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto. Nikavaa kiatu.

"Jamani!" nikasema. "Mizani hii inaiba. Mimi si kilo sabini na tisa. Mimi ni kilo themanini na nane!"

Foleni nzima ikanigeukia. Kisha bibi mmoja karibu na mbele akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Hiyo ni kweli. Inaonekana."

Mnunuzi alicheka. Akasema labda mizani ya nesi ndiyo mbovu, kwani wanawake na mizani hawajawahi kupatana. Lakini mwenye duka jirani, ambaye ndugu yake alikuwa kwenye foleni, alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka amebeba bunda la unga wa mahindi, pakiti kumi na mbili za kilo mbili mbili, bado limefungwa na karatasi ya kiwandani. Kilo ishirini na nne, hata mtoto wa chekechea anajua. Likatundikwa. Mshale ukasimama ishirini na moja na nusu.

"Unga nao umekonda," mama yangu akasema. "Tuupikie chapati."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha kumpendeza mnunuzi. Wakasogea karibu. Yule kijana akavua miwani, akasema joto la Kyuso huwa linachosha springi, akatoa bisibisi mfukoni na kugusagusa nyuma ya mizani. Bunda lilipotundikwa tena likasoma ishirini na nne, lakini watu wakakataa kuamini bunda peke yake. Wakataka na mimi nirudi juu. Nikatundikwa tena, nikazunguka: mbuzi, hoteli, mama yangu. Mshale ukapanda mpaka themanini na nane, ukatulia.

Walipiga makofi. Nimeimba kwaya miaka mingi na sijawahi kupigiwa makofi kama yale. Magunia yote yakapimwa upya, na la mama likawa tisini kamili.

Nilikuwa nimepanga kukaa siku mbili. Nilikaa wiki nzima, kwa sababu kila mnunuzi aliyefika, wakulima walinituma mbele nipimwe kwanza. Bunda la unga lina mwenyewe, na halijileti kwenye mizani kwa miguu kama mimi. Njiani watu waliacha kuniita kwa jina la baba yangu, walisema, "Themanini na Nane, umeamkaje?" Mama alinipiga marufuku kula kitu kabla ya kupimwa, na alinipiga marufuku pia kupungua. "Ukikonda sasa utatuharibia soko. Kondea huko kwenu." Siku ya nne nilisoma themanini na tisa, kukawa na kesi kubwa: je, ni mizani imeongeza au ni mimi? Wifi aliitwa kutoa ushahidi. Akasema, mbele ya watu wote, kwamba ni chapati, na alikuwa ameziona zikiingia.

Tuliporudi Kikima nilimwendea nesi nikiwa na hasira kidogo. Nilitaka anipe namba moja ya mwisho, nifike, nimalize. Hakunipa. Alipima presha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akazungusha tepu kiunoni mwangu. Nikavuta tumbo ndani kama ninavyoona wateja wangu wakifanya.

"Fundi, pumua."

Nikapumua. Tepu ikasogea, lakini bado kiuno kilikuwa kimepungua vidole viwili. Akaniuliza kama nalala vizuri. Nalala. Magoti? Nikagundua sikumbuki mara ya mwisho yaliponiuma. Mlima? Nasimama mara moja, nikikutana na mtu wa kuongea naye.

"Sasa unataka sitini ya nini?" akaniuliza. "Hiyo ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye hajazaa. Kwa urefu wako bado unaweza kupunguza kidogo, polepole, na mimi nitakuwa naangalia presha. Lakini huyo msichana muache, ana maisha yake."

Kisha akamgeukia wifi. Damu yake ilikuwa nzuri, hazimii tena darasani, mifupa yake ni midogo kama ya mama yake. Akamwambia arobaini na tisa inamtosha, ale anaposikia njaa, na aache kujishindilia. Wifi alimshika mkono nesi kama mfungwa aliyeachiliwa.

Kutoka hapo tulipitia hotelini sokoni tukaagiza chai. Wifi akachukua andazi moja, akala nusu, akaisogeza sahani kando. "Nimeshiba," akasema, na alisema kwa fahari. Ile nusu ilikaa mezani kati yetu muda mrefu. Niliitamani, sisemi uongo. Mhudumu akaja akauliza kama atoe sahani, na mimi ndiye niliyemwambia atoe.