Gari lisilo na vioo vya pembeni

Leo nimemwacha mtu afokewe kwa kosa langu.

Mnajua nalinda kwenye maonyesho ya magari hapa Doha. Kuna gari moja la mfano, la milango miwili, linavuta kwa magurudumu yote manne. Mahali pa vioo vya pembeni lina vijikamera vyembamba.

Asubuhi kabla ya wageni nikaliegemea nipige selfi.

Kamera moja ikalala, kacha!

Nikasogea kando kama sijui kitu.

Msimamizi akaja, akamkuta Okello, Mganda anayelipangusa gari.

"Umevunja! Kazi yako hapa imekwisha!"

"Bosi, sijaigusa," Okello akasema. Kisha akaniangalia. Alikuwa ameniona.

Mimi? Nikatazama viatu vyangu.

Mhandisi wa gari akafika, akaisukuma kamera kwa kidole kimoja. Ikasimama.

"Imeundwa ijikunje ikigongwa," akasema.

Msimamizi akaondoka bila hata pole. Nikamwendea Okello, nikamwomba msamaha.

Akaniuliza polepole, "Na kama ingekuwa imevunjika kweli, ungesema?"

Jamani, nikageuka nikarudi kwenye lindo langu.

Nisemeni tu. Nastahili.