Kidole cha Mlinzi

Saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi wa ghala la mbolea anamalizia kufagia mbele ya geti. Zamani, saa hizi angekuwa anakabidhi bunduki. Sasa anakabidhi ufagio, tochi na filimbi, na wenzake hawaachi kumchokoza.

“Mzee, huo ufagio umeutoa risasi?” anauliza anayepokea zamu.

“Shika taratibu usikulipukie,” anajibu, lakini hacheki.

Mwaka jana, katika makabidhiano kama haya, bunduki ililia mikononi mwake. Utaratibu wao ni kwamba anayetoka hutoa risasi mbele ya anayeingia, mtutu ukiwa umeelekezwa ndani ya pipa la mchanga. Bunduki ya aina ile haifunguki mpaka kitufe cha usalama kisukumwe. Asubuhi ile mafundi rangi walikuwa wamelisogeza pipa. Akaelekeza mtutu sakafuni, akasukuma kitufe. Risasi ikagonga saruji, ikaruka, ikamvunja mguu aliyekuwa anaingia zamu: shemeji yake, kaka wa mkewe.

Shemeji amekishtaki kiwanda kilichotengeneza bunduki. Anasema ina kasoro, inafyatuka kitufe kikiguswa tu. Kiwanda kinasema kimeijaribu tena na tena na haikufyatuka, kwa hiyo mlinzi aligusa kifyatulio. Shemeji hakuona, alikuwa anafunga kamba za viatu. Wiki ijayo mlinzi ataulizwa mahakamani kidole chake kilikuwa wapi.

“Sijui,” anamwambia anayepokea zamu. “Nikilala naona hakikugusa. Nikiamka naona kiligusa. Nikimsikiliza wakili wa huku, sawa. Nikimsikiliza wa kule, naye sawa.”

Nyumbani kwa mlinzi, shemeji amekaa, mguu juu ya kigoda.

“Shemeji, sema hukugusa, yaishe! Ugumu uko wapi?”

“Niape kitu nisichokijua?”

“Na mimi nitembelee nini, huo ukweli wako?”

Mke wa mlinzi, aliye katikati ya mume na kaka, anampa mumewe mwiko akoroge chungu, angalau apate la kufanya. Mara anaanza kucheka.

“Kaka, hebu mtazame baba watoto anavyoshika mwiko. Miaka yote yuko hivyo. Hata ufunguo!”

Vidole vingine vimeuzunguka mwiko. Cha shahada kimenyooka juu ya mpini. Mlinzi anakitazama kama cha mtu mwingine.

“Mafunzoni,” anasema polepole, “ukiweka kidole kwenye kifyatulio kabla ya amri, unachapwa fimbo vidoleni.”

“Si ndiyo hiyo sasa!” shemeji anaruka, kisha anashika mguu.

“Hapa nimeshika mwiko. Siku ile bado sijui.”

Ila sasa ana mpango. Atasema hajui, kisha ataomba wampe bunduki tupu, au hata ufagio, waangalie wenyewe kidole kinakaa wapi.

“Lakini wanipe huku wakiniuliza habari nyingine,” anasema. “Tangu mliponionyesha, kila nikishika kitu nakichungulia kidole. Hata mimi sikiamini tena.”