Shemeji Aliyetushikia Ngazi

Leo nimegundua kwamba shemeji yangu ni watu wawili.

Wa kwanza ni kaka wa mke wangu. Jumamosi alikuja kwetu Njiro, mafundi wakiezua mabati ya zamani. Akawashikia ngazi, akala mbuzi choma, akasema, "Bati jipya litapendeza, shem!"

Wa pili ni wakala wa bima. Ndiye aliyenikatia bima ya nyumba hiyohiyo.

Jumapili mvua ikashuka, turubai tulilofunikia juu likapeperuka. Dari, makochi, kitanda cha mama, vyote chepechepe.

Leo kaniita ofisini kwake, kanisomea barua ya kujibu madai yangu ya fidia: silipwi, kwa sababu "mteja hakutoa taarifa ya kuezua paa."

Sahihi ni yake!

Nikamuuliza, "Shem, si ulikuwepo? Ngazi si uliishika wewe?"

Akashusha sauti. "Pale nilikuja kama shemeji. Wakala anapewa taarifa kwa maandishi."

Jamani.

Mnaotaka kuniambia nisamehe, subirini kwanza.

Sasa hivi kapiga simu. Eti Jumapili ijayo anakuja kutupa pole, mke wangu asisahau kumpikia ndizi.

Nimemwambia alete taarifa kwa maandishi.