Kishika-sufuria ni cha Furaha

Leo nimevumbua kifaa cha kuzuia sufuria isizunguke ukisonga bugali!

Bon, nadanganya. Ni mjukuu wangu Furaha, aliyechoka kuniona nimebana sufuria kwa miguu hapa Buffalo, Marekani.

Tulikipeleka kanisani. Baba mmoja wa kanisa letu, Papa Riziki, akakipiga picha.

"Nitatengeneza vingi niuze."

Furaha akasema, "Mwalimu alitufundisha, mwenye wazo anaombwa kwanza."

"Wazo la mtoto ni la wote!"

Nikasimama. "Basi endelea kusonga kwa miguu. Hiki kina mwenyewe, ndiye huyu."

"Mzee, wewe hata darasa la nne hukumaliza!"

"Wizi naujua bila darasa."

Watu wakacheka, yeye akaweka simu mfukoni.

Papa Riziki, najua unasoma hapa kwenye kundi letu. Gari lako lilipokwama kwenye theluji, nani alisukuma?

Donc, basi, futa ile picha.