Mkono wa Spea

Ndugu yangu alitaka gari la marehemu baba liuzwe, mimi nilitaka libaki, na kwa miezi mingi hatukuwa na jambo lingine la kuzungumza. Lilikuwa Landikruza fupi, kuukuu, lenye milango miwili ya nyuma inayofunguka kama kabati. Hoja ya ndugu yangu ilikuwa fupi pia: mimi ni msichana, nitaolewa, na gari la boma letu litaishia kuegeshwa kwa watu wengine. Hakuwahi kuniuliza kama kuna mtu anayetaka kunioa. Hoja yangu ilikuwa kwamba nimesomea utalii, sina kazi, na walimu wa shule moja ya Nyeri walikuwa wamenikubalia niwapeleke Aberdare kuona maporomoko ya maji. Wakirudi wazima, wangewaambia walimu wengine.

Tatizo lilikuwa spea. Baba alikuwa ameweka matairi makubwa kuliko yale ya kwanza, na spea haikuingia tena chini ya gari mahali pake. Aliitupa ndani, kati ya viti viwili vya ubavuni, na hapo ikakaa miaka yote ikinuka mpira na kugonga watu magoti. Walimu hawangeketi na tairi mapajani. Juu ya paa isingefaa, maana singeweza kuishusha peke yangu nikipata pancha msituni, na nilijua ningepata pancha. Mimi nikianza kufikiria safari, huanza na pancha. Ilibaki njia moja: bampa mpya ya chuma kizito kwa nyuma, na juu yake mkono wa chuma unaobeba tairi, unaozunguka kwenye hinji ili milango ifunguke.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alitusikiliza jikoni huku akimenya viazi, kisha akasema, "Ijumaa. Ikiwa tayari kubeba watu, itabaki. Isipokuwa tayari, yule mtu wa Sagana aje aichukue."

Ndugu yangu alitabasamu. Mtu wa Sagana, aliyetaka kulinunua, alikuwa rafiki yake.

Nilitazama video za mikono ya spea hadi nikaiota. Nilichora. Niliwaza hinji iwe kulia au kushoto, nikaamua kulia, kwa sababu ukiegesha kando ya barabara zetu, wewe unasimama kushoto, upande wa nyasi, na mkono unafunguka kuelekea kule usikosimama. Kisha nikaanza kuwaza kama mkono ulio wazi upande wa barabara utagongwa na lori. Nikabadilisha. Nikarudisha tena. Nilipofika kwa fundi mjini Nyeri, karatasi yangu ilikuwa imefutwafutwa hadi ikatoboka.

Ndugu yangu naye alikuja. Hakuna aliyemwita. Alisema anakuja kuona gari ya baba isiharibiwe.

Fundi alikuwa mtu mnene mwenye miwani ya kuchomelea iliyopandishwa kwenye kipaji cha uso. Aliitazama karatasi, akamgeukia ndugu yangu.

"Boss, hinji tuweke upande gani?"

"Kulia," nikasema.

"Boss?"

"Muulize injinia," ndugu yangu akasema. "Mimi ni mtu wa viazi tu."

"Ati injinia! Sasa madam, hii kitu si ya kusoma. Hii ni chuma."

"Kulia," nikasema tena. "Na kile kishikizo cha kuufungia mkono upande wa pili usikichomelee mpaka tairi iwe juu. Tairi ni nzito. Mkono utashuka kidogo. Ukikipima mkono ukiwa mtupu, havitakutana."

"Madam, mimi nimechomelea hata lori."

"Sijasema hujachomelea lori."

"Basi enda uniletee bolti, tuache maneno."

Bolti alizotaka hazikuwa kwenye karakana yake. Nilipanda hadi duka la vyuma la Wahindi karibu na soko. Mzee wa dukani alinitolea bolti moja baada ya nyingine nikizilinganisha na mchoro, hadi mwanawe akaniuliza kama nazinunua au nazichumbia. Niliporudi, kishikizo kilikuwa kimeshachomelewa. Mkono ulikuwa mtupu. Tairi ilikuwa imelala chini pale pale nilipoiacha, na ndugu yangu alikuwa ameikalia, akinywa soda.

"Tumekusaidia," akasema.

Tuliinua tairi, tukaifunga. Nilisukuma mkono ufunge. Ulishuka unene wa kidole na ukagonga chini ya kishikizo. Nikasukuma tena. Ukagonga tena, na mlio huo naukumbuka vizuri kwa sababu ndugu yangu alicheka wakati uleule.

"Hiyo ni kidogo," fundi akasema. "Unainua na goti, halafu unafunga."

"Msituni, kwenye mvua, niinue na goti?"

"Si ulisema uko na nguvu?"

"Sijasema hivyo. Kata. Uchomelee upya, tairi ikiwa juu, kama nilivyokwambia."

Alimtazama ndugu yangu. Ndugu yangu akatazama soda yake. Wakati huo nilimchukia kwa ukamilifu wa ajabu. Nilichukia viatu vyake, jinsi alivyoishika chupa shingoni, na jinsi alivyoweza kuniangusha bila kufanya lolote, kwa kuketi tu. Fundi alikata kishikizo kwa hasira, cheche zikinirukia miguuni, nami sikusogea. Labda hakuzielekeza kwangu. Nimewaza jambo hilo mara nyingi na bado nadhani alizielekeza. Alichomelea upya. Safari hii mkono ulifunga. Akahamisha namba ya gari na taa yake hadi kwenye bampa ili tairi isizifunike na polisi wasipate sababu, akatupa nyundo chini, akaniambia nisirudi kwake.

Siku ya Ijumaa mtu wa Sagana alifika mapema, akaegesha pikapu yake mlangoni pa boma, akazunguka gari letu akilipigapiga kwa kidole kama anayenunua tikiti maji. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Iko tayari," nikamwambia.

"Iko tayari kwa macho," ndugu yangu akasema. "Mama, chuma ikivunjika msituni, hiyo tairi inaangukia nani? Watoto wa watu. Sisi huku tunajaribu chuma namna gani?"

Mama alijua, nami nilijua. Kwetu, mtu akichomelewa chochote, iwe keria ya baiskeli, iwe boriti ya ghala, huning'iniza juu yake gunia la viazi na kuliacha hapo. Chuma kikibeba gunia, kinaaminiwa. Baba alifanya hivyo. Hata bembea ya shule ya Jumapili pale kanisani ilijaribiwa kwa gunia kabla ya watoto kuikalia.

"Mwache ajaribu," mama akasema.

Ndugu yangu alipiga mluzi, na wapakiaji wake wawili wakashusha gunia kutoka kwenye lori lake. Yeye hununua viazi Mweiga kwa magunia na kuviuza Sagana kwa kilo, na hana gunia lolote ambalo si lumbesa. Hili nalo lilikuwa limejazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa wavu juu, na wavu ukajazwa viazi hadi ukawa kama kichwa cha pili. Wapakiaji waliligeuza kwa miguu, wakipumua kwa nguvu.

Nilisimama nikifikiria, na kama kawaida yangu nilifikiria kupita kiasi. Lumbesa hilo lilikuwa zito mara kadhaa kuliko tairi. Mkono ukivunjika, halitakuwa limethibitisha lolote, lakini nani angenisikia nikisema hivyo, chuma kikiwa kimelala mavumbini? Nikikataa, nimekiri kwamba naogopa kazi yangu mwenyewe. Halafu likaja wazo jingine, baya zaidi. Barabara ya msituni ina mashimo. Gari likiruka, tairi huruka nalo, na likitua, tairi huwa na uzito wa ghafla ambao hauko kwenye mizani yoyote. Pengine tairi inayorukaruka ni lumbesa kamili. Pengine ndugu yangu, kwa roho yake mbaya, alikuwa ameleta kipimo sahihi.

Sikusema hivyo. Singesema hivyo mbele yake hata kwa dawa.

"Hiyo si haki," nikasema badala yake.

"Ati si haki! Gunia ni gunia. Ama chuo walikufundisha gunia ya aina nyingine?"

Mtu wa Sagana alicheka. Mama hakucheka. Alimwelekeza mmoja wa wapakiaji kwenye spea iliyokuwa imeegemea ukuta.

"Wewe, inua hiyo tairi."

Akaiinua, akaishika kifuani, akangoja.

"Shusha. Sasa inua gunia."

"Peke yangu, mama?"

"Peke yako."

Alijaribu. Gunia halikuondoka chini. Mama alimgeukia ndugu yangu. "Tairi inabebwa na mtu mmoja. Hiyo inataka wawili, na bado wanalia. Unapima chuma, ama unapima dada yako?"

"Mama, mimi nataka tu..."

"Najua unachotaka. Hivyo ndivyo mnavyotupimia sisi wakulima kila msimu, na bado mnatuambia gunia ni gunia."

Nilikuwa nimeshaingia jikoni. Nilitoka na kisu cha mama, nikapiga goti mbele ya gunia na kukata uzi wa katani uliokuwa umeshona wavu. Viazi vilimwagika kwenye viatu vya ndugu yangu. Alinishika mkono wa kisu, akaukaza hadi vidole vikafunguka.

"Hii ni mali yangu!"

"Mwachilie," mama akasema.

"Mama, amekata mali yangu!"

"Nimesema mwachilie."

Aliniachilia kwa kunisukuma. Niliendelea kumwaga kwa mikono hadi mpakiaji yule aliponyanyua gunia, akalipima kifuani kama alivyoipima tairi, akatikisa kichwa: bado. Nikamwaga zaidi. Alipoitika, walilifunga kwenye mkono kwa mipira ya blada za matairi. Mkono ukashuka kidogo, ukatulia. Nikausukuma. Ulizunguka, ukaingia kwenye kishikizo na kufunga. Nikaufungua, nikaufunga tena. Kisha tena.

"Inatosha," mama akasema.

Mtu wa Sagana alikung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi nilikuja kununua gari," akamwambia ndugu yangu, "si kuangalia vita za kwenu." Akaingia kwenye pikapu yake.

Mama alinyoosha kiganja. Tangu mazishi, ufunguo wa gari ulikuwa kwenye pete ya funguo za ndugu yangu, pamoja na wa ghala na wa lori. Alijifanya haoni kiganja hicho. Mama hakukishusha. Mwishowe ndugu yangu aliuchomoa kwa kucha, polepole, akiuma midomo, akautupa. Uliangukia katikati ya viazi. Niliinama kuutafuta, naye akasema juu ya kichwa changu, kwa sauti ya chini ambayo mama asingeisikia:

"Ukianguka huko na hao walimu wako, usinipigie simu."

"Sitakupigia."

"Na hiyo chuma itavunjika. Unajua itavunjika. Nakuona unavyoitazama."

Aliwaita wapakiaji wake na kuondoka na lori. Viazi aliviacha pale pale. Mama naye aliniambia niviokote vyote, na kwamba kisu chake sasa ni butu, na kwamba mtu akishinda si lazima amwage chakula cha watu. Hakuonekana kufurahia kwamba gari limebaki. Alirudi jikoni akafunga mlango.

Niliokota nikivipanga kwenye debe. Mkono ulikuwa bado na gunia lake, umetulia, umefanya kazi yote niliyoutaka ufanye, nami sikuweza kuutazama bila kusikia maneno ya ndugu yangu. Kesho yake walimu wangeketi nyuma ya milango ile. Mbele ya watu nilikuwa nimeshinda, lakini mashimo ya barabarani hayakuwa yameliona gunia lile nililolipunguza.

Wapakiaji walikuwa wameenda na singeweza kuinua lumbesa. Lakini gunia lilikuwa tayari limening'inia. Nilifungua mdomo wake na kumwaga debe la kwanza ndani. Mkono ukalia kidogo. Nikangoja, kisha nikamwaga jingine. Nilishona wavu upya kwa uzi uleule niliokuwa nimeukata, nikiunganisha vipande kwa mafundo, nikaendelea kujaza nikiwa nimesimama juu ya stuli ya kukamulia, hadi kichwa cha pili kikarudi. Gari lote liliinama nyuma. Nilishuka, nikashika bampa, nikaanza kulirusha juu na chini kwa uzito wangu wote, nikiwa nimefumba macho, nikisikiliza hinji.

Mkono haukuvunjika. Kishikizo kilikaza, nikalazimika kukigonga kwa jiwe ili kifunguke, lakini kilifunguka.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alilitazama gunia, akanitazama mimi.

"Utamwambia?" akauliza.

"Hapana."

Sijamwambia ndugu yangu hadi leo. Gari linafanya kazi, tairi iko nyuma, na tukikutana kanisani tunasalimiana kwa mkono kwa sababu watu wanatutazama. Nikimwambia kwamba niliujaribu mkono kwa gunia lake, lote, hadi juu, atasema ni yeye aliyenifundisha. Atawaambia watu wa Mweiga, na wa Sagana, na mama. Heri aendelee kungoja uvunjike.